Mgeni Rasmi wa Kilometa ya Mwisho

Shwaria haimo kwenye ramani yenu, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Na kama humu ndani mtakutana na mtu anayefanana na mtu mnayemjua, mpeni salamu tu mpite. Ni nchi yenye heri. Ina Wizara ya Utulivu, ina Idara ya Furaha ya Wananchi, na ina barabara moja nzuri sana ambayo hukarabatiwa kila mwaka kabla haijaharibika, ili isipate tabia mbaya. Lakini kinachoishikilia Shwaria isianguke si wizara wala barabara. Ni mgeni rasmi.

Huko hakuna kitu kinachoanza bila mgeni rasmi. Harusi haianzi, mtihani hauanzi, fundi haingizi uzi kwenye sindano. Sheria ya Itifaki ina vifungu vinne, na kila mtoto huvikariri kabla hajajua kufunga kamba za viatu: shughuli haianzi mpaka mgeni rasmi afike, hakuna anayemtangulia mgeni rasmi, mgeni rasmi akiketi, wote huketi, na shughuli haiishi mpaka mgeni rasmi aifunge kwa kinywa chake mwenyewe. Mwaka fulani mgeni rasmi wa mazishi alichelewa siku mbili. Marehemu alimsubiri kwa utulivu mkubwa, na redio ikamsifu kwa jina.

Pembeni kabisa mwa mji mkuu wa nchi hiyo pana mtaa unaoitwa Ngozini, na hapo aliishi mama kijana aitwaye Semeni. Aliuza maandazi na chai ya tangawizi mbele ya lango la kiwanda cha ngozi kilichokufa zamani. Mumewe alikuwa machimboni akitafuta dhahabu, na mpaka wakati huo alikuwa amepata malaria mara mbili. Nyumbani walibaki wawili: yeye na binti yake Tunu, mwenye miaka miwili na nusu na maneno kumi na moja, ambayo saba kati yake aliyatumia kwa mbwa.

Mbwa wenyewe waliishi mle kiwandani, kumi na tisa kwa hesabu, chini ya Afande Lugendo. Huyu alikuwa mstaafu wa kikosi cha mbwa wa polisi, mtu mwembamba, mkali kwa binadamu, mpole kwa wenye mikia. Kikosi chake kilivunjwa kwa namna ya ajabu kidogo. Mbwa wale walifundishwa kunusa mizigo uwanja wa ndege, na wakikuta magendo hawabweki wala hawang'ati. Wanaketi tu. Siku moja mbwa Namba Saba alipita mizigo ya abiria mia mbili bila kusema kitu, akafika kwenye sanduku la Mheshimiwa Waziri wa Utulivu, akaketi. Wakamvuta, akaketi. Wakamletea sanduku la pili la Mheshimiwa yuleyule; akaketi kwa raha zaidi. Kesho yake mbwa wote walifukuzwa kazi kwa utovu wa nidhamu, bila kiinua mgongo. Namba Saba, akivuka barabara kutoka kazini kwa mara ya mwisho, alikanyagwa na gari la tatu la msafara wa Mheshimiwa. Mguu mmoja ulibaki palepale.

Afande Lugendo aliwachukua wote, na wengine wa mitaani wakajiunga. Akawapa majina kama watu wa Shwaria wanavyowaita mbwa wao, yaani majina ya kuwaambia wakubwa na majirani yale ambayo mdomo unaogopa kuyasema. Kulikuwa na Mtasema, kulikuwa na Tumezoea, kulikuwa na mmoja mfupi aliyeitwa Yenumacho. Namba Saba, na miguu yake mitatu, aliitwa Tutabanana.

Masika yaliyopita Tunu alimponyoka mama yake, akaingia kiwandani kwa miguu yake mifupi, akielekea kwenye shimo la kulowekea ngozi ambalo mvua ilikuwa imelijaza hadi ukingoni. Semeni alipofika mbio, mikono imejaa unga, alimkuta Tutabanana ameketi kati ya mtoto na maji. Mtoto anamsukuma, mbwa kaketi. Mtoto anamvuta sikio, mbwa kaketi. Tangu siku hiyo ukoko wa kila sufuria ya Ngozini ulikuwa na mwenyewe: Semeni aliukusanya akawalisha mbwa, akapata jina jipya mtaani. Walimwita Mama Mbwa. Hakukasirika. Alisema afadhali jina hilo kuliko lile jingine ambalo angeitwa kama mbwa yule asingeketi.

*

Kisha likaja tangazo la Jiji, likabandikwa langoni kwa gundi nyingi.

Lilisema hivi: kwa kuwa mbwa wa Ngozini hawana mchango katika utulivu wa taifa, wanatakiwa wawe ndani ya uzio wa waya na wote wawe wamechanjwa, ifikapo asubuhi ya siku inayofuata Sikukuu ya Utulivu. Wasipokuwa hivyo, gari la Jiji litakuja na wote watapumzishwa. Neno hilo, watapumzishwa, lilikuwa limechapwa kwa maandishi mazuri ya mlazo, kama kwenye kadi ya harusi.

Afande Lugendo alilisoma mara tatu, kisha akaingia ndani akawachana mbwa manyoya, mmoja mmoja, kama watu wanaosafiri.

Semeni hakusubiri amalize. Alivuka njia hadi duka la vifaa vya ujenzi la Bi Salhina, mama wa makamo mwenye sauti ya kufungulia milango.

"Shikamoo Bi Salhina."

"Marahaba. Kama umekuja kwa ajili ya mbwa, rudi na shikamoo yako."

"Nahitaji waya. Na nguzo. Na mtu wa kulipia chanjo."

"Mbwa! Mimi mbwa akipita kwenye kivuli changu naoga upya." Alikuwa akiongeza sauti ya redio, na redio ilikuwa ikitangaza kwamba mwaka huu, kwa mara ya kwanza, Sikukuu ya Utulivu ingekuwa na Mbio Ndefu za Taifa, kilometa arobaini na mbili na mita mia moja tisini na tano, kuanzia Uwanja wa Utulivu hadi mwisho wa barabara nzuri. Na mwisho wa barabara nzuri, kwa mujibu wa vipimo vya wizara, ulikuwa hapohapo Ngozini, langoni mwa kiwanda.

Bi Salhina alicheka mpaka akashika meza. "Haya, dawa hiyo imekuja! Kimbia basi, Mama Mbwa. Wewe ambaye ukienda kisimani unapumzika mara mbili. Ukizimaliza zote, kwa miguu yako hiyohiyo, waya wangu, nguzo zangu, na chanjo ya kila mkia juu yangu. Ukiishia ya arobaini na moja, hunijui, nami sikujui."

"Umesema mbele ya watu."

"Nimesema mbele ya misumari yangu. Na usiniletee cheti! Cheti ninacho." Akaonyesha ukutani, palipotundikwa karatasi yenye fremu ya dhahabu. Ilithibitisha kwamba mbele ya duka lake pana lami ya daraja la kwanza, tangu miaka tisa iliyopita. Semeni aligeuka kutazama. Kuku watatu walikuwa wakioga vumbi juu ya lami hiyo. "Unaona? Mimi karatasi ya serikali nafungia misumari. Nataka nikuone wewe, kwa macho, umefika hapa."

"Utaniona," alisema Semeni.

*

Ofisi ya Kamati ya Mbio ilikuwa na karani mmoja na mihuri mitano.

"Umewahi kukimbia?"

"Bado. Ni mara yangu ya kwanza."

"Vizuri. Waliowahi kukimbia tunawachunguza. Barua ya mjumbe wa mtaa iko wapi?"

"Ya nini tena?"

"Ya kuthibitisha kwamba humkimbii mume, mkwe, wala vyombo vya dola."

Barua ilichukua siku nne, kwa sababu mjumbe alitaka kwanza amwone akikimbia ili ajue anamkimbia nani. Semeni alirudi nayo. Karani akachovya kalamu.

"Unakimbia kwa ajili ya nini? Chagua: Amani, Utulivu, au Mheshimiwa."

"Mbwa."

Karani aliitazama fomu mbele, akaitazama nyuma. "Mbwa hayumo."

"Muongeze."

"Dada yangu, fomu hii ilizinduliwa na mgeni rasmi. Haiongezwi kitu."

Semeni aliivuta fomu kwake, akaandika pembeni, nje ya mistari yote, kwa zile herufi kubwa zilizosimama wima alizofundishwa kwenye darasa la jioni: MBWA KUMI NA TISA. Karani aliivuta fomu kwake. Aligonga mihuri yote mitano juu ya maneno hayo ili ayazibe, lakini wino wa serikali ulikuwa hafifu, na mbwa walionekana vizuri tu katikati ya duara za zambarau. Akapewa namba 318.

Mazoezi yalikuwa ya alfajiri, kabla ya maandazi. Raba alizipata mtumbani: ya kulia namba thelathini na nane, ya kushoto thelathini na tisa, na muuzaji aliapa kwamba huo ndio mtindo. Afande Lugendo alikaa langoni na filimbi yake ya zamani, Tunu mapajani, Tutabanana miguuni. Siku ya kwanza Semeni alifika kisimani, akatapika, akarudi.

"Umekufa?" aliuliza Afande.

"Sijafa, Afande."

"Basi kesho kisima kitakuwa cha kupita, si cha kufikia."

Na majirani, wakichungulia madirishani na mswaki mdomoni, hawakumwacha.

"Mama Mbwa huyooo! Umeiba nini?"

"Usingizi wenu!" alijibu, akipita.

Wiki ya tano alipita daraja. Wiki ya tisa aliliona jua likichomoza akiwa sehemu ya mji ambayo hajawahi kuiona, akaogopa kidogo, kisha akaipenda. Alianza kuwa na miguu. Hivyo ndivyo alivyomweleza mumewe kwenye simu: "Nina miguu siku hizi." Mumewe akamuuliza kama kuna mtu amemroga.

*

Sikukuu ilipofika, wakimbiaji mia nne walikuwa uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, kama walivyoamriwa. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Dokta Mbonamengi, Waziri wa Utulivu, alifika saa nne na nusu, na magari manne. Wakimbiaji sita walikuwa tayari wamezirai, lakini walizirai kwa nidhamu, wakiwa kwenye mstari.

"Itifaki imezingatiwa," alianza Mheshimiwa, na hilo lilimchukua dakika arobaini, kwa sababu aliizingatia mtu mmoja mmoja. Kisha akaingia kwenye hotuba yenyewe.

"Ndugu wananchi! Nchi nyingine zinakimbia, lakini tujiulize, zinakimbilia wapi? Sisi Shwaria tunakimbia tukiwa tumetulia! Wapo wanaosema kilometa arobaini na mbili ni nyingi. Ni wachochezi! Zikigawanywa kwa wananchi wote, kila mmoja wetu anapata kipande kidogo sana!"

Watu walipiga makofi. Mheshimiwa alifurahi, na furaha ikamponza: akatangaza kwamba yeye mwenyewe ataongoza mbio kwa mguu. Bastola ikalia. Mheshimiwa akapiga hatua ya kwanza, akapunga mkono, akapiga ya pili. Nyuma yake wakimbiaji mia nne, waliofanya mazoezi miezi mitatu, wakasimama kwa mguu mmoja wakisubiri ya tatu. Kifungu cha pili, mnakikumbuka: hakuna anayemtangulia mgeni rasmi.

Baada ya hatua arobaini Mheshimiwa alichoka, akaingia garini. Gari likatembea mbele kwa mwendo wa bibi harusi, maana alikuwa bado anapunga mkono. Kando ya barabara kamati ilikuwa imepanga mawe yaliyopakwa chokaa, kila moja na namba yake. Jiwe la kwanza. Jiwe la pili. Semeni alitembea kwa hatua fupi fupi, akahisi miguu yake inamlilia kama mtoto aliyenyimwa chakula anachokiona. Walipofika jiwe la sita ilikuwa saa saba mchana, na simu ya Mheshimiwa ikalia. Alikuwa anasubiriwa kufungua bomba la maji.

Alichomoza kichwa dirishani, akapewa kipaza sauti.

"Natamka rasmi kwamba mbio za kilometa arobaini na mbili zimekamilika kwa mafanikio makubwa! Nazifunga!"

Vigelegele. Mshindi wa kwanza alitangazwa kuwa mpwa wa Mheshimiwa, ambaye alikuwa amekaa gari la tatu. Vijiko vya wali vikaanza kugongana kwenye sahani, lori la kamati likaja kukusanya meza za maji, na karani yule wa mihuri akapita akigawa medali na vyeti. Cha Semeni kilisema: AMEMALIZA.

"Kaka yangu," alimwambia, "hapa si ni jiwe la sita?"

"Kwa mawe ni sita," alisema karani kwa upole. "Kwa mafanikio ni arobaini na mbili."

Semeni alikitazama cheti kile. Kilikuwa kizuri, kina mwenge na njiwa. Mtu yeyote angekipeleka popote, na popote kingepokelewa, isipokuwa duka moja tu huko Ngozini. Aliinama, akakikunja mara nne, akakisokomeza kwenye kisigino cha raba ya kushoto, ile ya thelathini na tisa iliyokuwa ikimpwaya. Akajaribu kukanyaga. Ikamkaa sawasawa.

Akaanza kukimbia.

*

Jiwe la kumi alilikuta linapakiwa. Lori la kamati lilikuwa likikusanya mawe pia, maana mawe ni mali ya wizara, na likampita, likayachukua yote yaliyokuwa mbele. Lakini mawe yale yalikaa barabarani wiki nzima, na wanawake wa kando ya barabara walikuwa wameyakalia wakimenya mihogo, wakayawekea ndoo. Kila mmoja alilijua la kwake.

"Kumi na nne hapa, mwanangu!" alipaza mama mmoja, amesimama kwenye doa la chokaa, na kopo la maji mkononi. "Nani anakufukuza?"

"Hakuna, mama!"

"Basi kunywa!"

Alipopita doa la kumi na saba, muuza uji aliyevaa namba 206 kifuani, aliyekuwa amerudi kwa daladala kwenye sufuria yake na medali shingoni, alimtazama, akatazama medali, akamkabidhi dada yake mwiko. Akamfuata. Doa la ishirini na moja aliongezeka fundi cherehani mmoja. La ishirini na nne, mwalimu wa hesabu ambaye tangu jiwe la sita alikuwa hana raha na hesabu ile.

Hapo kabla yao, kwenye doa la kumi na sita, pikipiki ya polisi ilikuwa imeshamfikia Semeni. Juu yake alikuwa Koplo Sindato, mtu mzito, mwenye daftari.

"Dada, simama kwanza."

"Nikisimama siondoki tena. Sema hivyohivyo."

"Mbio zimefungwa."

"Nimesikia, afande."

"Sasa unafanya nini?"

"Wewe unaona nafanya nini?"

Koplo alifungua daftari, akakwama. Akiandika *anakimbia*, atakuwa amempinga Mheshimiwa aliyesema mbio zimeisha na wote wamemaliza. Asipoandika, hana kosa la kumkamatia. Aliendesha pikipiki kwa mguu mmoja chini, akiwaza, kilometa nzima.

"Sikuoni," alisema mwishowe.

"Ahsante, afande."

"Lakini nitakufuata, nihakikishe kwamba sikuoni."

Akamfuata kweli. Saa tisa, jua limesimama kama askari wa zamu. Saa kumi. Doa la thelathini lilipita, na la thelathini na tatu, na hapo mwili wa Semeni ukaanza kumbembeleza kwa sauti ya tangazo la Jiji. *Pumzika*, ulisema, kwa maandishi ya mlazo. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimelowa damu. Aliwaza jinsi wanavyokuja na nyama yenye dawa, jinsi mbwa wanavyotikisa mkia kwanza. Aliwaza Tunu akiuliza, kwa yale maneno saba, mbwa wako wapi.

"Tutapumzika," aliuambia mwili wake, "kwa Bi Salhina." Na akakimbia.

Doa la thelathini na nane, Koplo alisogeza pikipiki karibu. Alionekana ana huzuni ya kweli.

"Dada, sasa nawaona."

"Ulisema hutuoni."

"Mmoja naweza kutomwona. Nimewavumilia wanne tangu ishirini na nne. Lakini hapa tunaingia eneo la kituo changu, na wanne ni mkusanyiko. Mkusanyiko bila mgeni rasmi ni kifungo, dada yangu. Mimi sikutunga sheria."

Muuza uji akaguna. Fundi cherehani akaanza kupunguza mwendo. Semeni hakupunguza.

"Tunaye mgeni rasmi."

"Yuko wapi?"

"Hajafika. Mgeni rasmi wa Shwaria aliwahi kufika mapema lini?"

Koplo akafungua daftari. Akatoa kalamu. "Jina?"

"Tutabanana."

"Cheo?"

"Mstaafu. Jeshi la polisi. Alikuwa idara ya mizigo, uwanja wa ndege."

"Mstaafu wa jeshi!" Koplo alinyoosha mgongo. "Mbona hamkusema mapema? Huyo ni mkubwa wangu." Na kabla Semeni hajavuta pumzi ya kumjibu, alikwishashika redio ya upepo, akaamuru barabara yote ya Ngozini ifungwe, kwa kuwa kuna shughuli inayoendelea na mgeni rasmi anasubiriwa.

Redio ya upepo ina masikio mengi. Mheshimiwa Dokta Mbonamengi aliipata habari hiyo akiwa kwenye bomba, ambalo alikuwa amelifungua kwa mafanikio ingawa maji hayakuhudhuria.

"Mgeni rasmi gani?" alinguruma. "Sikukuu ni yangu! Nani amemteua?" Magari manne yakageuka.

*

Lami nzuri iliishia kwenye doa la arobaini na mbili. Zile mita mia moja tisini na tano zilizobaki zilikuwa kwenye cheti cha Bi Salhina, yaani vumbi. Na mwanzo wa vumbi alisimama Afande Lugendo kwa sare yake ya zamani, maana habari ya redio ya upepo ilikuwa imemfikia naye, kando yake Tunu, na mbele yao Tutabanana, shingoni amevishwa skafu ya kijani na taji la maua ya mnanaa-pori aliyoyachuma Tunu mwenyewe.

Koplo Sindato alizima pikipiki. "Huyu ndiye?"

"Ndiye," alisema Semeni. Ni neno pekee lililobaki kifuani.

"Dada. Huyu ni mbwa."

"Miaka sita ya utumishi, Koplo," alisema Afande Lugendo. "Mguu aliuacha kazini. Simama wima unapozungumza naye."

Koplo alifikiria redio ya upepo, na barabara aliyoifunga, na jina alilokwisha kuliandika kwa wino. Kisigino kikagonga kisigino. Akapiga saluti.

Tutabanana akageuka, akaanza kuchechemea kuelekea langoni, na hakuna aliyemtangulia. Muuza uji, fundi, mwalimu na koplo walimfuata kwa hatua moja moja, na Semeni katikati yao, akilia bila kujua, mkono mmoja ameshikwa na Tunu. Mtaa mzima ulikuwa umetoka. Wale wa mswaki walikuwepo. Hakuna aliyeuliza ameiba nini.

Langoni Afande alikuwa amechora mstari wa majivu. Nyuma ya mstari alisimama Bi Salhina, mikono kifuani, na kando yake mkokoteni umejaa waya na nguzo, na bwana mifugo na kisanduku chake cha barafu. Vyote vilikuwepo tangu mchana. Mbwa akavuka. Semeni akavuka.

"Umechelewa," alisema Bi Salhina.

"Mgeni rasmi alichelewa."

"Cheti?"

"Kiatuni."

Bi Salhina aliitazama raba ile, wekundu uliokuwa unapenya kwenye kitambaa. Kisha akafungua ile sauti yake: "Mnangoja nini? Shusheni nguzo! Na huyo mbwa asinisogelee, nimekwisha kuoga!"

Hapo ndipo magari manne yalipoingia na vumbi lake. Mheshimiwa alishuka kabla mlango haujafunguliwa.

"Yuko wapi huyo mgeni rasmi?"

Mgeni rasmi alikuwa anakuja mwenyewe. Tutabanana alilipita gari la kwanza. Akalipita la pili. Alifika nyuma ya la tatu, akanyoosha pua kwenye buti, akanusa mara moja, polepole, kama mtu anayesoma barua ya zamani.

Akaketi.

Kifungu cha tatu kila mtu anakijua. Koplo Sindato alikuwa wa kwanza kuketi, kisha muuza uji, kisha mtaa mzima, chini, vumbini, kulizunguka gari lile pande zote. Bi Salhina aliketi juu ya bunda la waya. Hata Mheshimiwa, kwa mazoea ya miaka thelathini, magoti yalikunjika kabla akili haijayakataza, akajikuta ameketi juu ya ile lami ya daraja la kwanza.

"Mtoeni!" alisema. "Mwinueni huyo!"

"Akishaketi, huwa ameketi," alisema Afande Lugendo. "Wewe unalijua hilo, Mheshimiwa."

"Basi shughuli ifungwe!"

"Hajaifunga bado," alisema Koplo Sindato kwa heshima, akitazama buti la gari la tatu, kama walivyokuwa wakilitazama wote. Hakuna aliyeuliza ndani mna nini. Watu wa Shwaria hatuulizi. Tuliketi tu, tukatazama.

Semeni peke yake alikuwa bado amesimama, kwa sababu miguu ilikuwa imesahau namna nyingine. Tunu alimvuta sketi. Akapiga vumbi mara mbili kwa kiganja chake kidogo, pale kando ya mbwa, na kumwambia mama yake neno lake la kumi na mbili:

"Keti."

Akaketi.

Asubuhi gari la Jiji lilikuja na nyama yake, likakuta uzio umesimama, mbwa kumi na tisa wamechanjwa, na barabara haipitiki kwa ajili ya shughuli ya kiserikali. Dereva aliuliza itakwisha lini. Wakamwambia aende akaisome sheria. Redio bado inasema kwamba siku ile Ngozini hapakutokea kitu. Huenda ni kweli. Lakini shughuli haijafungwa mpaka leo. Mgeni rasmi hajasema neno.